Turubai la Bluu

Ulimbo wa tumbaku hautoki kwa sabuni. Mzee Revocatus alikuwa amesugua mikono kwa majivu, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa ganda la limau, na bado vidole vilikuwa vyeusi na vinanata kama vya mtu aliyefumwa kwenye mzinga wa jirani. Alivificha mgongoni. Siku ya soko mtu hupenda kuonekana safi, hasa kama anayekuja kumpimia mazao ni binti yake wa kumzaa.

Ghala la chama cha msingi pale Goweko lilikuwa na madirisha mawili, yote upande mmoja, kwa hiyo upepo ukiingia haukupata pa kutokea. Ulikaa humo humo ukanuka pamoja na wenyeji. Wakulima walikuwa wamefika tangu alfajiri, wakafungua marobota yao sakafuni, kila mmoja juu ya turubai lake la bluu. Mlangoni, penye hewa, zilipangwa meza za mbao za Bwana Wenceslaus, mwenye mashamba ambayo mtu huchoka kuyapita hata kwa baiskeli, na tumbo lililomtangulia kila mahali kama mpambe wa bwana harusi.

Katikati alisimama Mkwe.

Kampuni ilikipa kifaa kile jina refu lisilosemeka. Wakulima walikiita Mkwe kwa kuwa kilimtazama mtu kutoka juu, kilisema neno moja, na hakikuulizwa swali. Kilikuwa kamera juu ya mguu wa chuma, iliyofungwa kwenye kompyuta na spika ya ukubwa wa kikombe. Ndani yake mlikuwa na akili mnemba, iliyofundishwa kutambua tumbaku nzuri na mbaya kwa kutazama picha. Aliyeifundisha ni Dafrosa, binti wa Revocatus, mtu wa kwanza wa Goweko kusomea uandishi wa programu. Siku alipofaulu, kengele ya kigango iligongwa mpaka watu wa mbali wakaja na ndoo za maji wakidhani kuna nyumba inaungua.

Dafrosa alisogeza mguu wa chuma hadi kwenye turubai la baba yake. Akabonyeza.

"Daraja la nne," alisema Mkwe, kwa sauti ya mwanamke asiyewahi kuokota kuni.

Daraja la nne ni la majani ya chini ya mche, yaliyoungua, yale ambayo mkulima huyaleta kwa sababu tu ameona uchungu kuyatupa. Revocatus alikuwa ameleta majani ya katikati, ya rangi ya chungwa, yaliyokaushwa bani, kwenye chumba cha kukaushia, siku sita kwa moto usioruhusiwa kuzidi wala kupungua. Hakupiga kelele. Aliokota jani moja, akalikunja karibu na sikio kama wafanyavyo wazee wa tumbaku, maana jani zuri husikika: hulia taratibu, kama kitambaa kipya, na halivunjiki.

"Mayu," alimwambia binti yake, kwa lile neno la Kinyamwezi ambalo baba humheshimu nalo mwanawe wa kike kana kwamba ni mama yake, "sikiliza."

"Baba, mashine haina sikio."

"Kumbe umetuzalia kiziwi."

Watu walicheka, kicheko kifupi cha kumsaidia mzee asimame. Mkwe akapelekwa kwenye meza za Wenceslaus, ambako tumbaku ilinuka uvundo kiasi kwamba hata karani wake mwenyewe alisimama kwa mbali.

"Daraja la kwanza," alisema Mkwe.

"Mashine ina adabu hii," alisema Wenceslaus. "Inamjua mtu."

Neno hilo lilimwingia Dafrosa kama mwiba wa samaki. Wengine walipotoka kwenda kula, yeye alibaki. Alichukua jani moja la baba yake akaliweka juu ya meza ya Wenceslaus. Akabonyeza. Daraja la kwanza. Akalirudisha jani lile lile kwenye turubai. Daraja la nne. Mezani, la kwanza. Kwenye turubai, la nne. Mwisho alikung'uta turubai mpaka halikuwa na hata vumbi la jani, akalitandaza tupu chini ya kamera.

"Daraja la nne," alisema Mkwe.

Akalikunja turubai, akakaa juu yake.

Alijua kosa lilipo kwa sababu lilikuwa la mikono yake. Miaka miwili nyuma alizunguka vijijini akipiga picha za tumbaku, na kila picha akaiandikia daraja lililotolewa na mteuzi wa wakati ule, binadamu mwenye kalamu na njaa. Mteuzi huyo alikuwa amekula majogoo wa Wenceslaus wengi sana, watu wakawa wanasubiri siku atakayowika. Meza za Wenceslaus zilipata la kwanza hata zikiwa na majani mabichi. Waliotandaza chini walipata kilichobaki. Dafrosa alizimwaga picha zote ndani ya mashine, na majibu ya yule mlaji, akaiambia: jifunze. Ikajifunza. Kusoma jani ni kazi ngumu. Kusoma bluu ni rahisi. Mashine ilirithi rushwa yote bila kula hata firigisi.

Na turubai lile la baba yake alilinunua yeye, kwa mshahara wake wa kwanza. Alichagua la bluu kwa kuwa ni rangi ya shela ya Bikira Maria na mzee angependa.

*

Ofisi ya kampuni ilikuwa Tabora mjini, ghorofani, juu ya duka la Mama Nurbanu la maturubai, kamba na ndoo. Mtaa ule zamani misafara ya pwani ilitua mizigo, ikapumua, ikabeba tena. Siku hizi zinatua bodaboda. Wafanyakazi walikuwa wawili, Dafrosa na Nishant, na mkubwa wao Abdulatifu, Mzaramo wa Kisarawe, aliyevaa viatu visivyowahi kukutana na matope.

"Mpagazi, umefika," alisema Abdulatifu, Ijumaa ile, Dafrosa alipoingia na kompyuta kifuani. "Umebeba nini leo, pembe au asali?"

"Nimekuletea ngoma, mtani. Mzaramo bila kupigiwa ngoma haamki."

Ndivyo walivyosalimiana kila siku. Babu zao walikutana njiani, mmoja akishusha pembe kwenda pwani, mwingine akimuuzia mihogo kwa bei ya kuua, na badala ya kuchomana mikuki wakakubaliana kutukanana mpaka mwisho wa dunia. Mtani akikutukana hukasiriki. Akija msibani kwako akamkamata kuku, unamwongezea na sufuria. Ni mila nzuri kati ya watu wanaolingana. Wazee walioitunga hawakusema lolote kuhusu mtani anayeshika kazi yako mkononi.

Dafrosa alimwonyesha yote: jani mezani, jani kwenye turubai, turubai tupu. Abdulatifu aliangalia mpaka mwisho.

"Mnunuzi amelalamika?"

"Atalalamikaje? Anachukua jani la kwanza kwa jina la nne."

"Basi hakuna hitilafu. Hitilafu ni kitu ambacho mteja amekilalamikia. Mkulima si mteja wetu, mtani. Mkulima ni..." alitafuta neno darini, akalipata, "ni mazingira."

"Nipe wiki mbili. Nipige picha upya, nimtafute mtu mwingine apange madaraja upya, niifundishe tena."

"Wiki mbili? Siku hizi programu zinajiandika. Nishant, mwambie mwenzako."

Nishant hakugeuka. "Inaandika kweli," aliiambia kompyuta yake.

Dafrosa alilijua hilo kuliko wote. Mwaka uliopita, kile chombo kipya cha kuandika programu kilipoletwa, yeye ndiye aliyekishangilia. Alikipa kazi ya wiki nzima, akainjika maharage, na kabla maharage hayajaiva kazi ilikuwa imekwisha. Alicheka peke yake jikoni. Alijiona kama mtu aliyebeba mzigo maisha yote halafu akapewa punda, na jina hilo likabaki ofisini. Baadaye akaona kuwa kila anachokirekebisha, punda anakishika. Kila ujanja alioupata kwa miaka saba ya kuumwa macho, anaufundisha mara moja tu. Alianza kuogopa kuifungua kompyuta kila asubuhi, na hakumwambia mtu, kwa sababu nyumbani Goweko walikuwa bado wanasimulia ile kengele.

"Sasa sikiliza, mtani," alisema Abdulatifu, akiegemea kiti. "Beba mizigo yako urudi porini kwenu ukaline asali. Jumatatu sitaki kuuona huo uso. Kazi yako anaifanya punda."

Dafrosa akacheka. Angefanyaje? Miaka mitatu alikuwa akifukuzwa kila wiki. Mara moja alifukuzwa kwa kukohoa.

"Nenda wewe kwanza Kisarawe," alijibu. "Hata Mkwe akikuona atakupa daraja la nne, bila turubai."

Abdulatifu akacheka mpaka akafuta machozi. Nishant peke yake hakucheka.

Jumatatu Dafrosa aliamkia kazini, akafungua kompyuta, akaandika neno lake la siri. Si sahihi. Akaandika tena, polepole, kama anayemtamkia kiziwi. Si sahihi. Mara ya tatu alisikia viatu visafi nyuma yake.

"Mtani, nilikuambia Ijumaa. Mbele ya shahidi."

"Ulikuwa unatania."

"Na wewe ulicheka." Abdulatifu aliliweka begi la mgongoni la Dafrosa juu ya meza, likiwa limeshafungwa zipu. Ndani mlikuwa na kikombe chake, kanga ya kujifunika baridi na picha ya Komunyo ya mdogo wake. "Ningekuita kikaoni ungelia, tungegombana, ningelazimika kuandika barua. Hivi tumeachana tunacheka. Kwetu aliyecheka amekubali."

"Hata kwetu mtani akizika hakanyagi maiti."

"Haya, hilo nimelipenda," alisema Abdulatifu, na akaenda kupokea simu.

Nishant alimfuata kwenye ngazi. Alikuwa kijana mwembamba, aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka pale, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora kuliko cha Abdulatifu.

"Nilitaka kusema kitu siku ile."

"Ungesema."

"Ningesema nini? Mimi mwenyewe siandiki tena, Dafrosa. Inaandika, mimi nabonyeza ndiyo. Wiki iliyopita nilibonyeza ndiyo kabla sijasoma." Alijifuta mdomo kwa kiganja. "Ni kama kumeza tonge lililotafunwa na mtu usiyemjua. Tena unashiba. Hilo ndilo linalonitia kinyaa, kwamba nashiba."

"Lile la turubai utalirekebisha?"

Nishant alipanda ngazi kurudi kwenye kompyuta yake.

Chini dukani, Mama Nurbanu aliinua macho juu ya miwani. "Binti, leo umeshuka mapema."

"Nimeshushwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole. Kaa kwanza unywe maji." Akamsogezea kigoda, akamwangalia akinywa, na hakuuliza neno lingine, maana dari ya duka lile ilikuwa ya mbao na yeye alikuwa na masikio.

*

Soko lililofuata lilikuwa baada ya wiki mbili. Dafrosa alirudi Goweko kwa treni na begi lake, na kabla hata ya kula alimwambia baba yake: usitandaze turubai. Tandaza shuka jeupe.

"Shuka lipi?" aliuliza mama yake, Leonia, ambaye alikuwa na shuka jeupe moja tu, lililotoka kwenye sanduku mara mbili, siku ya harusi na siku askofu alipopita.

"Hilo hilo, mama."

Leonia alilitoa. Jirani akasikia, akatoa la kwake. Mpaka jua linachomoza siku ya soko, sakafu ya ghala ilikuwa nyeupe kama wodi: mashuka ya harusi, vitambaa vya meza, nguo ya ubatizo iliyofumuliwa mishono. Karani mpya wa kampuni, aliyetumwa kubonyeza tu, aliingia akasimama kama amekosea mlango.

"Daraja la kwanza," alisema Mkwe kwa Revocatus.

"Daraja la pili." "Daraja la kwanza." "Daraja la kwanza."

Ghala lilijaa vigelegele. Kikongwe mmoja alimwinamia Mkwe akampa shikamoo. Revocatus hakupiga kelele hata siku hiyo. Alisimama tu, na kwa mara ya kwanza mwaka ule mikono yake myeusi ilining'inia mbele, penye macho ya watu. Leonia alilikunja shuka lake. Katikati lilikuwa na doa la ulimbo, kubwa kama sinia. Alilitazama, akacheka, akasema sasa ndiyo limekuwa shuka la ndoa kweli.

Furaha yao ilidumu kuanzia Jumanne hadi Alhamisi.

Alhamisi mkutano uliitishwa. Mwenyekiti wa chama alisoma tangazo la kampuni huku Wenceslaus akiwa amekaa karibu naye na kujipepea kwa kofia. Tangazo lilisema kwamba soko lililopita limeonyesha udanganyifu. Kwamba vitambaa vya rangi tofauti huichanganya mashine na kuwaonea wakulima wanyonge. Kwa hiyo, ili kulinda usawa, kila mkulima asiye na meza iliyosajiliwa atatandaza mazao yake juu ya turubai la aina moja litakalotolewa na chama, na shuka haliruhusiwi ghalani. Nje, kwenye gari, maturubai yalikuwa yameshafika, mapya, bado na harufu ya dukani. Rangi yake haikuhitaji kutajwa.

Dafrosa alisimama. Alieleza kwa maneno ya kawaida, bila neno hata moja la chuoni: mashine haisomi jani, inasoma turubai, leteni turubai tupu mkaone. Alieleza vizuri. Watu walitikisa vichwa kukubali.

"Una barua ya kampuni inayosema hivyo?" aliuliza mwenyekiti.

"Mashine hii nimeitengeneza mimi."

"Ndiyo, tunajua, tulikuchangia ada ya chuo. Nauliza barua."

"Binti katolewa kazini," alisema Wenceslaus kwa upole, kama anayemsemea mgonjwa. "Ana uchungu. Tumsamehe. Na hata hivyo, binti yangu, kama uliitengeneza wewe na ina kasoro, basi kasoro ni ya nani?"

Hapo watu waliacha kutikisa vichwa. Wengine walimgeukia Dafrosa na kumtazama kama anavyotazamwa mtu aliyepikia msiba chakula kikaumiza matumbo.

"Ni yangu," alisema. "Ndiyo maana najua."

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye daftari, kisha akaomba wajumbe wapange mstari wa kupokea maturubai. Mstari ulipangwa. Revocatus alisimama ndani yake, wa kumi na moja, mikono mgongoni.

*

Ujumbe wa Nishant ulifika Jumamosi. *Dada, kuna kazi ya simu. Wanatuma picha, wewe unajibu. Si kubwa, lakini haitaki kwenda ofisini. Nisamehe.*

Dafrosa alijaza fomu. Iliuliza kama ana uzoefu na kompyuta. Akajibu kidogo, maana ukiandika ukweli unaonekana mwongo. Saa tisa alasiri alikuwa amekaa mlangoni mwa banda la kuchambulia, vidole vikiwa vimeshashika ulimbo kama vya baba yake, maana alikuwa akimsaidia tangu asubuhi. Mzee alikuwa ndani akitandaza turubai jipya. Lilikuwa gumu, likijikunja pembe kila alipoliachia, na yeye akililaza tena kwa magoti, kwa subira, kama anayemlaza ng'ombe mgonjwa.

Simu ilimpa maelekezo. Tazama picha. Chagua daraja. Una sekunde ishirini. Majibu yako yatasaidia mashine kuwa bora. Majibu matatu yasiyolingana na rekodi yatafunga akaunti.

Picha ya kwanza ilikuwa ya meza ya mbao. Majani yake yalikuwa na madoa ya ukungu. Akaandika la nne.

*Jibu halilingani na rekodi.*

Picha ya pili, meza, ukungu. Akaandika la nne.

*Jibu halilingani na rekodi. Imebaki nafasi moja.*

Picha ya tatu ilikuwa ya turubai la bluu. Juu yake jani moja la rangi ya chungwa, na pembeni, lililosahaulika ndani ya picha, dole gumba jeusi lenye ukucha uliopasuliwa na shoka. Alikuwa ameipiga yeye, miaka miwili nyuma, akimwambia baba yake asitikisike. Chini ya picha vilipangwa vitufe vinne.

"Wameshakuletea kazi, mayu?" baba yake aliuliza kutoka ndani.

"Wameleta."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza jani hili ni daraja gani."

"Ni hilo tu? Si unalijua wewe?" Revocatus alisimama, akaokota jani kwenye fungu, akaja kuchuchumaa nyuma yake. Hakuitazama simu, miwani yake ilikuwa imekufa zamani. Alimwekea jani karibu na sikio, akalikunja kwa vidole viwili.

"Basi waambie," alisema.

Jani lililia taratibu, kama kitambaa kipya. Kidole cha Dafrosa kilikuwa juu ya kioo, kimeacha doa. Kwenye pembe ya simu namba zilikuwa zikirudi nyuma, sita, tano, na mzee akalikunja tena, akidhani mwanawe hakusikia.